Daftari la Mwanangu Lilisomwa Mara Tatu

Kabla sijafika mbali, mjue kwamba mimi kalamu siijui. Haya nayasema kwa mdomo, binti yangu mkubwa anaandika, na nimemwonya asinipambe. Akimaliza ukurasa ananisomea, na akiniwekea neno ambalo si langu nalikamata hapo hapo. Tangu asubuhi tumeshagombana mara mbili.

Huyu binti ana mdogo wake wa kiume, na huyo ndiye ninayemsema. Alivuta heroini miaka kumi na moja. Alianza akiwa na pikipiki ya watu, anabeba abiria na magunia ya mkaa hapa kijijini kwetu Masaki, huku Kisarawe. Pikipiki ikaondoka, mke akaondoka, yeye akabaki na suruali mbili na maneno. Maneno hayakumwishia hata siku moja.

Nilipopigiwa simu kwamba sasa yuko soba hausi, Kibaha, nyumba wanayokaa watu wa namna yake miezi mingi mpaka waache, nilimshukuru Mungu. Halafu nikauliza wanampa dawa gani. Aliyepiga ni binti mmoja mshauri wa pale, ana sauti kama anambembeleza kichanga: "Mamaaa, hapa siyo dawa tuu. Anaandika hadithi ya maisha yakee, halafu anawasomea wenziee. Tuko pamoja mamaa?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mie niko Masaki, wewe uko Kibaha, pamoja ya wapi?"

Nilikata simu nikakaa kwenye kinu. Hadithi! Mtoto aliyenimaliza kwa hadithi, ninyi mnampa daftari?

Niwape moja tu. Siku mlango wa choo changu ulipotoweka, alinikalisha chini, akanishika mkono. "Maa," yeye huniita hivyo, anaivuta, "Maaa, wamepita watu wa afya. Wamesema milango ya bati inaleta kipindupindu. Wameibeba yote. Wa kwako wameuandika, utaletewa wa mbao." Na machozi yanamtoka, anawalilia wagonjwa wa kipindupindu. Nilichutama nyuma ya kanga wiki tatu nikiusubiri mlango wa serikali. Mlango wangu ulikuwa kwa jirani wa tatu, umefungia mbuzi.

Sasa mtu kama huyo ukimwambia aandike hadithi, umemtibu au umempeleka shule ya uongo?

Na lilikuwepo jingine lililonikera. Kwetu mwali akiwekwa ndani anaambiwa mambo, na yale mambo hayavuki kizingiti. Mie mwenyewe nimewacheza wanawali wengi, na hakuna hata mmoja aliyetoka akaenda kuyatangaza. Huko Kibaha wanayatoa ya ndani, wanayasoma kwa sauti mbele ya watu wasiomjua hata babu yake, halafu wanapigiana makofi. Nikasema hapa ipo namna. Labda wanakusanya siri za watu. Labda wanazipeleka redioni.

Nilikwenda mara ya kwanza Jumamosi moja. Pikipiki mpaka Kisarawe mjini, nikaunga gari, nikaunga jingine, nikafika Kibaha miguu imevimba kama mihogo ya mwaka wa pili. Nyumba yenyewe ya kawaida, ina geti la bati na baraza refu. Viti vya plastiki, wanaume kama ishirini, wamenyoa, wamechomekea. Msimamizi wao naye alikuwa mvutaji zamani, meno ya mbele hana, sauti imekwaruzika kama redio iliyoanguka kisimani. "Shikamoo bimkubwa! Karibu kitaa! Hapa kwetu ni ukweli tu, mtu akizingua tunamrudisha kwenye mstari!"

"Marahaba. Na ninyi mnajuaje kama ni ukweli?"

"Tunamskilizia, bimkubwa. Teja hamdanganyi teja."

Nikamwambia, "Haya. Mimi kanidanganya na nimemzaa."

Wakacheka. Yule binti mshauri akaja akanishika bega, nikamkagua. Kucha fupi, viatu vilivyochoka, macho yasiyokimbia. Sikumpenda bado.

Mwanangu akasimama na daftari lake, lile la mistari, jalada la bluu. Alikuwa amenenepa. Kwa kweli nusura nimsamehe kwa yale mashavu tu, ila nikajizuia.

Akasoma. Akaanza na pikipiki, akaja kwenye marafiki, akaja kwenye siku aliyoamua kuacha. Akasema aliiba sufuria Mlandizi, watu wakamkamata, wakamfunga kamba, wakaanza kumtafutia tairi. Akatokea mzee mmoja wa kikoi, akamfungua, akamwambia, "Nenda kamsalimie mama yako." Kesho yake akaja pale Kibaha kwa miguu yake. Baraza zima likalia. Mtu mmoja mnene alijifuta kwa soksi. Wakapiga makofi, wakasema kwa pamoja, "Asante kwa kushirikiana nasi!" kama watoto wa chekechea.

Mie sikulia. Ilikuwa tamu mno. Kila akifika pahali pa huzuni ananitupia jicho aone kama imeingia. Na nikahesabu: alifungua ukurasa mara tatu.

Kichwa changu kiko hivyo, kikisikia kitu kinakaa nacho. Ndiyo maana naweza kumfanya mtu yeyote, kumwigiza sauti na mwendo, awe sheikh, mwenyekiti wa kijiji, muuza dagaa, kwa sababu maneno yao ninayo yalivyotoka. Nikarudi Masaki na ile hadithi ya sufuria kichwani, nzima, nikaiweka.

Haikupita muda wakaniita tena. Safari hii ilikuwa kubwa. Miezi yake pale imekwisha, na utaratibu wao ni kwamba mtu hatoki hivi hivi. Ndugu mmoja anakuja, anasikiliza hadithi, anakubali kumpokea, anaweka dole gumba kwenye karatasi. Asipopatikana ndugu, mtu anafunguliwa geti, basi. Na mwanangu tunajua angefunguliwa geti aende wapi: kwenye lile banda la Mlandizi alikotoka, wanakolala watu kumi na kijiko kimoja cha unga. Kaka zake wamekataa kata kata. Huyu dada yake anayeandika alisema, na hapa aandike kama alivyosema: "Mama ukimleta, mimi nachukua vyombo vyangu." Nilibaki mie na dole langu.

Nilifika mapema, saa tatu kasoro. Siku hiyo hatukukaa barazani. Tukakaa chumbani, wanne tu: mimi, mwanangu, msimamizi na binti mshauri. Karatasi iko mezani, kidau cha wino kiko wazi. Yule binti akasema, "Mamaaa, tumsikilize kwanzaa, halafu moyo wako uamuee."

Mwanangu akasoma. Pikipiki, sawa. Marafiki, sawa. Akafika Mlandizi. Ikawa ndoo.

Nikatulia. Ikaja kamba, ikaja tairi, kisha akatokea bibi mmoja mwenye fimbo, akamfungua.

Hapo nikaacha kusikiliza, nikaanza kutazama. Marehemu mume wangu alikuwa msomaji wa magazeti, miaka mingi alinisomea mlangoni jua likizama, mie nachambua mboga namtazama. Mtu anayesoma macho yake yanapalilia: yanakwenda mpaka mwisho wa tuta, yanarudi, yanashika tuta jingine. Macho ya mwanangu yalikuwa yamesimama pahali pamoja kama kuku aliyeona mwewe. Na ukurasa alifungua mara moja tu.

"Funga hilo daftari," nikasema.

"Maa, sijamaliza."

"Hujaanza. Mara ya kwanza ilikuwa sufuria na mzee wa kikoi. Leo ndoo na bibi wa fimbo. Kesho itakuwa beseni na Mchina?"

Msimamizi akakohoa. "Bimkubwa, unajua kumbukumbu za mtu aliyetumia huwa zinapishana..."

"Kumbukumbu zinapishana. Karatasi inapishanaje? Kama kimeandikwa sufuria, kesho kitasomeka sufuria. Huyu hasomi. Huyu anazungumza kashika daftari."

Mwanangu kainamisha uso. Nikamgeukia yule binti. "Haya mwanangu, wewe umesoma. Lichukue utusomee kilichomo."

Akatikisa kichwa. "Hapanaa mama. Daftari ni lake. Hapa hatusomi la mtu bila mwenyewe kuridhia."

"Aha! Sasa mnamficha."

"Hatumfichi, mama."

"Basi ndani yake hamna kitu. Nyeupe. Miezi yote hii mmemlisha ugali akae anatazama karatasi nyeupe." Nikasimama, nikajifunga kanga. Nikasema kama ninavyosema sasa: "Sikuja Kibaha kuletewa mlango wa mbao. Akitaka kutoka na mimi, kisomwe kilichoandikwa. Hataki, mfungulieni geti lenu, mie gari langu nalijua."

Nilifika mpaka mlangoni, na kuondoka nilikuwa naondoka kweli. Miguu ilikuwa imeshakubali.

"Kaa chini Maa," akasema. Na hakuivuta. "Nitasoma mwenyewe. Ila usiseme sikukuonea huruma."

Akafungua katikati ya daftari, si mwanzo. Nikakaa. Macho yake yakaanza kutembea. Kwanza yakajikwaa, maana shule yake ni darasa la saba la kubahatisha. Zile hadithi mbili zilikuwa zinateleza kama bamia. Hii ikawa inakwaruza, neno, anasimama, anameza mate, neno.

Akasoma hivi, nayatoa yalivyo:

"Siku ya msiba Magindu nilikwenda kwa sababu ya wali. Sikutaka watu wanione. Nilikaa nyuma ya jiko. Nikasikia watu wanacheka. Nikasikia sauti yangu inaongea mbele ya nyumba. Nikadhani ni arosto ya kukosa unga imenipanda kichwani. Nikachungulia."

Nikajua anakokwenda.

Nieleze kidogo, kwa wasiojua. Sisi tuna watani zetu, na mtani akifa ni kazi ya mtani kuwachekesha wafiwa. Mimi ndiyo kazi yangu, kuanzia huku Masaki mpaka Gwata wananijua. Maiti ikishazikwa naomba shati la marehemu au kofia yake, naingia nayo uwanjani, natembea alivyotembea, nadai chumvi alivyodai, namtukana mkewe alivyomtukana. Mjane anacheka huku analia, kile kifua kinafunguka. Nje ya msiba namfanya mtu yeyote. Msibani namfanya aliyelala kaburini tu. Hilo halijaandikwa pahali, na kila mtu analijua.

Siku ile Magindu nilikwishamfanya marehemu, watu wamechangamka, vijana wakaanza: "Bibi! Bibi! Mfanye na teja wako!" Na mie, kichwa kimenijaa sifa, nikamfanya. Nikasinzia nimesimama, magoti yanakunjika, sianguki. Nikajikuna shingo. Nikasema, "Maaa, nina shida ndogo tu, Maaa." Watu wakagaragara. Kuna mwanamke alikimbilia nyuma ya nyumba asijikojolee.

Hiyo ndiyo mwanangu aliyokuwa anaisoma.

"Mama huwafanya waliokufa," akasoma. "Nikajua kwa mama nimeshazikwa. Sikula wali. Nikaondoka kwa njia ya mashambani. Nikavuta siku nne nife kweli ili yaishe. Sikufa. Siku ya tano nikaja hapa kwa sababu sikuwa na kwa kwenda. Simlaumu. Alinipata sawasawa, mpaka magoti."

Akafunga daftari.

Yule binti alikuwa anatazama mikono yake. Msimamizi anatazama dari. Na mimi, nitawaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia si majonzi. Nilishtuka, halafu nikashuku. Nikajiambia: huyu anajua nina kichwa cha kukamata. Anajua ningeona sufuria imekuwa ndoo. Je, kama amezigeuza makusudi nimkamate, ili hii ya tatu iingie kwa nguvu? Mtoto aliyewalilia wagonjwa wa kipindupindu anashindwa hilo?

Nikamuuliza, "Siku hiyo nilivaa nini?"

"Shati langu," akasema. "Lile la mistari ya kijani. Nililitafuta wiki nzima."

Kweli. Siku ile ya msiba nilikuwa nalo mkobani, sijui nililibebea nini. Ila watu mia waliniona nalo, dada yake akiwemo. Yeyote angeweza kumwambia. Kwa hiyo haikunisaidia.

"Na kwa nini ulisoma ya uongo mara mbili?"

"Ya kwanza kulikuwa na watu. Nisimame barazani niwaambie mama yangu alinizika nikiwa hai? Wewe uko pale umevaa kanga mpya?" Akajikuna shavu, halafu akauona mkono wake unajikuna, akauweka chini haraka. "Ya pili nilisahau niliyoitunga mara ya kwanza."

Msimamizi akaguna, "Huo nao ni ukweli, bimkubwa."

Mwanangu akaisukuma ile karatasi kando. "Usitie dole, Maa. Nitaomba nibaki hapa nipike, wananihitaji jikoni."

Hapo ndipo nilipozidi kumshuku. Miaka yote hiyo uongo wake ulikuwa unakuja na mkono umenyooshwa: nipe, nisaidie, nikopeshe. Leo anasema usinipe. Ama ndiyo ukweli, ama ndiyo uongo mpya ambao bado sijajifunza kuushika. Nilimtazama sana. Sikuweza kujua. Mpaka leo ninapoyasema haya sijui, na huyu anayeandika ananiambia niache kusema sijui, watu wataniona sina huruma. Aandike: sijui.

Lakini lipo nililolijua. Ile ya Magindu ni kweli niliifanya. Yeye akiwa amenidanganya hadithi mia, hiyo moja ni yangu.

Yule binti mshauri akasema polepole, na safari hii hakuimba, "Mama, unataka kusema kitu upande wako?"

Nikafungua mdomo. Wallahi nilikuwa na sauti ya sheikh tayari, "Enyi ndugu zangu..." nikaimeza. Nikasema, "Ni kweli. Nililivaa." Maneno matatu, nikachoka kama nimetwanga gunia.

Msimamizi akanisogezea kidau. Nikachovya dole, nikaligandamiza pale aliponionyesha. Halafu nikamwambia mwanangu, "Kusanya vitu vyako. Ila hatuendi Masaki."

Akashtuka. "Tunaenda wapi?"

"Magindu. Kule ndiko nilikokuzika. Nikikupeleka nyumbani kimya kimya, wale watu watabaki wanajua umekufa. Wakuone, uwasalimie, ndiyo twende."

"Maa, mimi siendi. Wale walicheka."

"Walinicheka mimi ninavyofanya. Na kama walikucheka wewe, basi wakutazame usoni wacheke tena, niwasikie vizuri nikiwa mzima wa akili. Unaenda au nikafute dole?"

"Dole halifutiki, bimkubwa," akasema msimamizi.

"Wewe nyamaza, una meno mangapi?"

Alikuja. Alibeba begi moja na lile daftari kwapani. Tukapanda gari mpaka Mlandizi. Pale stendi nilimshika mkono kama mtoto wa miaka minne, kwa sababu banda lake la zamani haliko mbali na nilimwona jinsi shingo inavyotaka kugeuka. Hakusema kitu. Mkono wake ulikuwa umelowa. Nikamwita wa pikipiki, tukapakiana mshikaki, mie katikati, yeye nyuma yangu, na njia nzima nasikia pumzi yake mgongoni na najiuliza kama mkoba wangu umefungwa.

Kule Magindu, nyumbani kwa wafiwa, tulimkuta mjane wa yule marehemu, mtani wangu, yuko uwanjani anaanika mahindi. Akaniona mimi kwanza. "Haa! Amekuja mchawi! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuletea aliyefufuka."

Mwanangu akasogea. Akachuchumaa kidogo kama adabu inavyotaka, akasema, "Shikamoo mama." Sauti ya kawaida, nzito kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba anayo hiyo.

Yule mwanamke akamtazama kuanzia miguuni mpaka utosini. Nikasema moyoni akicheka nitamvunjia ule ungo wake kichwani.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye yule? Mbona una mashavu?" Akamgeukia binti wa ndani, "Lete kigoda, mgeni kasimama juani."

Mwanangu akakaa. Akaweka daftari kwenye mapaja, akaanza kumsaidia kutandaza mahindi kwa kiganja, polepole, asiyamwage.

Yule mtani akanivuta kando, akaninong'oneza, ila yeye kunong'ona kwake kunasikika mpaka barabarani. "Kapona kweli?"

"Sijui," nikamwambia. "Leo hajanidanganya tangu saa nne asubuhi. Na sasa ni saa nane."

Kutoka kwenye mahindi ikasikika, "Saa nane na nusu, Maa."